Kura ya wanahisa haifuti malipo ya bosi

Nchini Uingereza, kila hasira ya umma inapopanda juu ya malipo ya wakurugenzi, husikika kwamba wanahisa wakikataa, bosi halipwi. Sivyo. Ripoti ya malipo ya mwaka hupigiwa kura ya ushauri tu, na mara nyingi fedha zimeshatoka. Mwaka 2016, asilimia 59 ya kura kwenye mkutano wa kampuni ya mafuta ya BP zilipinga malipo ya mkurugenzi mkuu wake, Bob Dudley, takriban pauni milioni 14. Alibaki nayo.

Kura inayoibana kampuni kisheria, tangu 2013, ni ya sera ya malipo, angalau mara moja kila miaka mitatu. Humo ndimo huandikwa ukomo wa bonasi na masharti ya kurejesha fedha. Ajabu ni kwamba hupita kimyakimya. Ripoti ikikataliwa, sera hurudishwa kupigiwa kura mwaka unaofuata.

Pensheni nayo husomwa vibaya. Kwenye mfuko wenye mafao yaliyoahidiwa, ongezeko la pensheni ya mwaka atakayolipwa bosi akistaafu, likishaondolewa mfumuko wa bei, huzidishwa kwa 20. Ongezeko la pauni 10,000 huchapishwa kwenye ripoti ya malipo kama 200,000 (kabla ya kutoa michango yake mwenyewe), ingawa mwaka huo hajapokea hata senti.