Remasta siyo kupandisha volyumu jamani

Juzi tena kaja jamaa studio na flashi, ndani kaweka Mothership, mkusanyiko wa 2007 wa hiti za Led Zeppelin, bendi ya rock ya Uingereza, uliofanyiwa remasta (yaani rekodi ya zamani kusafishwa na kusawazishwa upya), na kando yake nyimbo zilezile alizozitoa kwenye sidii za zamani za kaka yake. Akacheza ya zamani, akacheza ya remasta, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. "Unasikia boss? Hii imejaa, ile imelala. Wimbo wangu nao uupige hivi." Haya maneno nayasikia kwa marapa wa Kabalagala, kwa madijei, kwa watu wa kwaya, hata kwa hawa wapenzi wa rock ambao hapa Kampala ni wachache na ungetegemea wao angalau wawe wanasikiliza. Kwa hiyo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Dhana yenyewe: ikilia zaidi ni bora zaidi, na remasta maana yake imelia zaidi.

Hapana. Kitu cha kwanza, sikio linadanganyika kirahisi sana. Ukipandisha wimbo desibeli moja tu, msikilizaji hakwambii "umeongeza volyumu", anakwambia umenoga, una besi, una uhai. Na ana sababu, maana tangu 1933 watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walishaonyesha kwamba sauti ikiwa chini sikio linapoteza besi na zile sauti nyembamba za juu, sauti ikipanda vyote vinarudi. Sasa we umecheza faili mbili, moja iko juu kwa desibeli kadhaa, halafu unaniambia hiyo ndo ina besi! Umepima urefu wa watoto wawili huku mmoja kasimama juu ya stuli. Mshushe kwanza. Shusha ile remasta mpaka zilingane kwa sikio, sauti ya mwimbaji na sauti ya mwimbaji, ndo uanze kuhukumu. Huyu jamaa nilimfanyia hivyohivyo hapohapo, nikamgeuzia kiti asione skrini, akachagua ile ya kaka yake. Akasema nimechezea mitambo.

Kitu cha pili ni hiyo volyumu inapatikanaje. Kwenye dijitali kuna dari, desibeli sifuri, hupiti hapo. Vilele vya wimbo, yaani pigo la sneya (dramu ile kali), kick (dramu kubwa ya mguu), mpasuko wa gitaa, ndo vinagusa dari kwanza. Ukitaka wimbo mzima uwe mkubwa huku dari haisogei, inabidi ukate vilele kwa limita, kifaa kinachovizuia visipite kiwango, halafu usukume kila kitu juu. Ukikata kidogo hakuna anayejua. Ukikata sana pigo linapoteza meno, unabaki na ukuta wa sauti ambao dakika mbili za kwanza unasisimua na baada ya nusu saa unaumwa kichwa na hujui kwa nini.

Chukua When the Levee Breaks, maana imo kwenye hiyo Mothership. Dramu za John Bonham, mpigaji dramu wao, waliziweka chini ya ngazi kwenye jumba la Headley Grange huko Uingereza, fundi Andy Johns akaning'iniza maiki mbili huko juu, basi. Kile kishindo unachokisikia ni nyumba. Pigo linatoka, linapanda ngazi, linarudi likiwa limepungua, na kabla halijaisha pigo jingine limeshaingia. Hiyo nafasi kati ya pigo na pigo ndo utamu wote wa ule wimbo. Sasa limita ikikaza, pigo linashuka na mwangwi unapandishwa, vinakaribiana, nyumba inakuwa ndogo. Vaa hedifoni, usisikilize gitaa wala mwimbaji, sikiliza tu hapo katikati ya mapigo, kwenye remasta ya 1990 na hii ya Mothership ya 2007, volyumu zikiwa sawa. Au chukua Stairway to Heaven, inaanza na gitaa na filimbi taratibu kabisa, Bonham anaingia baada ya dakika 4 na zaidi. Ule wimbo umejengwa kwa subira. Ukiubana mwanzo ukawa mkubwa karibu sawa na mwisho, anapoingia Bonham anaingia wapi sasa?

Na sisemi remasta ni mbaya, msinielewe vibaya. Hiyo ya 1990 Jimmy Page, mpiga gitaa wao, aliifanya mwenyewe na fundi George Marino kule New York kwa sababu hakuridhika na sidii za mwanzo, na kazi yao inasikika. Sidii nyingi za miaka ya 80 zilitengenezwa kutoka kwenye nakala za nakala, kwa hiyo kurudi kwenye tepu iliyo bora, kusawazisha masafa, kusafisha mikwaruzo, hiyo ndo remasta yenyewe. Na kwenye mkusanyiko kuna kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii kabisa: Mothership ina nyimbo 24 kutoka albamu 8, kuanzia 1969 mpaka 1979, studio tofauti, mafundi tofauti, nyingine nyembamba nyingine nzito. Fundi inabidi azikalishe pamoja usiwe unakimbilia kitufe cha volyumu kila wimbo ukibadilika. Hapo ndo ustadi ulipo, na haina uhusiano na kelele.

Wenyewe huko nje walishagombana sana kuhusu hili. Bendi ya Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008 ilibanwa mpaka inakwaruza, mashabiki wakagundua nyimbo zilezile kwenye gemu ya Guitar Hero zinapumua vizuri zaidi, wakaanza kutia sahihi kuomba albamu ifanywe upya. Fikiria, gemu la watoto lina sauti nzuri kuliko sidii uliyonunua.

Halafu mteja ananijibu, "Lakini fundi, kwenye taksi na baa lazima isikike." Ssebo (bwana), kwenye taksi kuna kitufe. Na kule Spotify kipimo cha kawaida ni -14 LUFS (LUFS inapima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), wimbo ukija mkubwa kuliko hapo wanaushusha wenyewe, YouTube nao wanashusha. Kwa hiyo umekata vilele vyako ukijua utapata volyumu, volyumu wamekunyang'anya, na vilele havirudi. Wimbo wa jirani yako aliyeacha nafasi ndo unapiga kuliko wako. Mimi siku hizi mteja akilazimisha namfanyia matoleo mawili, la kelele na la kistaarabu, nayaweka sawa kwa volyumu, namwambia achague bila kujua lipi ni lipi. Nawashauri mafundi wenzangu mfanye hivyo, mabishano yanapungua sana.

Haya, dhana nyingine nazipitia haraka.

Ati remasta ni kurekodi upya, au wamepandisha gitaa. Fundi wa mastaringi, yaani hatua ya mwisho kabla wimbo haujatoka, anapewa miksi iliyokwisha, vyombo vyote vimeshachanganywa, kushoto na kulia, basi. Mzee mmoja aliniletea kaseti ya Kafeero, mwimbaji wetu wa Uganda, akitaka gitaa lipande na sauti ibaki palepale, mzee wangu, nikigusa gitaa na sauti inakuja nalo, vyote viko kwenye mkanda mmoja. Kupandisha gitaa peke yake ni kumiksi upya, na hiyo inataka tepu zile za mwanzo zenye kila chombo kwenye njia yake. Na ndo maana inabidi usome kava vizuri. Bendi ya ZZ Top mwaka 1987 albamu zao za kwanza zilitolewa sidii zikiwa zimemiksiwa upya na dramu zimetiwa mwangwi wa miaka ya 80, watu wakanunua wakidhani ni zilezile. Mwimbaji Ozzy Osbourne ndo balaa zaidi: matoleo ya 2002 ya albamu zake mbili za kwanza waliondoa besi na dramu za wapigaji wa mwanzo wakaweka za watu wengine! Ikabidi 2011 warudishe za asili. Bendi ya Def Leppard nao 2012 walirekodi upya baadhi ya hiti zao kwa sababu ya ugomvi wa malipo na kampuni yao. Kwa hiyo kila unapoona mkusanyiko wa bei ya chini wenye hiti za bendi kubwa, angalia kwanza kama ni rekodi za asili au wazee wameimba tena wakiwa na miaka 60. Najua siku hizi kompyuta inaweza kutenganisha vyombo, Revolver ya Beatles 2022 ilifanywa hivyo, lakini hata wao waliiita miksi mpya. Na ile apu yako ya simu siyo mitambo yao.

Kuna hii ya vijana: wanaona jina la wimbo limeandikwa 2007 Remasta, wanadhani wimbo umetoka 2007. Bonham alifariki Septemba 1980. Ule mwaka ni wa fundi aliyefanya remasta, siyo wa wimbo.

MP3 ya 128 (faili lililopunguzwa ili liwe dogo) uliyoitoa YouTube ukaigeuza kuwa 320, au ukaigeuza WAV, haijawa remasta, imekuwa faili kubwa. Kilichotupwa kimetupwa. Naomba mniletee sidii yenyewe, hata ikiwa na mikwaruzo.

Ati mkusanyiko wa hiti ndo bendi yenyewe, huna haja ya albamu. Led Zeppelin hata Stairway hawakuiuza kama singo Marekani, na nyumbani Uingereza singo walizikwepa kabisa enzi zao, walitaka usikilize albamu. Hiyo Mothership ichukue kama mlango. (Na anayesema rock ni mambo ya wazungu, mwimbaji wa Queen, bendi kubwa ya rock, kazaliwa Unguja mwaka 1946. Tuendelee.) Tena kama unataka kusikia mkusanyiko uliofanyiwa remasta kwa adabu, tafuta Greatest Hits ya Queen ya mwaka 2011, fundi Bob Ludwig alirudi kwenye tepu za miksi za kwanza na inasikika.

Santuri siku zote ni bora kuliko sidii? Inategemea imekatwa kutoka wapi. Santuri mpya iliyokatwa kutoka faili lilelile lililobanwa inakupa ubanaji uleule pamoja na vumbi.

Ya mwisho, ati tepu za asili zipo salama mahali fulani, remasta itafanyika wakati wowote. Mwaka 2008 ghala la Universal kule Hollywood liliungua na tepu nyingi sana zikaenda. Hata zisipoungua, tepu fulani za miaka ya 70 na 80 gundi yake inanyonya unyevu, inakuwa inanata, mpaka uikaushe kwenye joto la nyuzi 50 hivi kwa masaa ndo ipite kwenye mashine uinakili mapema. Na sisi hapa na huu unyevunyevu wetu, kaseti zimekaa juu ya kabati tangu enzi za babu. Mwenye rekodi za familia, za kwaya, za bendi ya mtaa, alete sasa. Tena usizijaribu kwanza kwenye redio ya zamani ya gari kuona kama bado zinalia, hapo ndo zinapotafunwa, zilete hivyohivyo zilivyo hata kama zimekwama.