Kuzamia Cape Town: tunayoyadhani kuhusu bahari ya baridi, na yalivyo hasa

Ukimwambia mtu wa Temeke kwamba unakwenda Sauzi kuzamia, atakutazama kwa huruma. Kwake kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya mizigo na kuomba usionekane mpaka Durban. Kwa hiyo dhana ya kwanza niliisafisha nyumbani kabla ya safari: tiketi nimekata, pasipoti inagongwa muhuri kama kawaida, ninakozamia ni chini ya maji, mtungi mgongoni. Dhana zilizobaki nilisafiri nazo mwenyewe, maana mtu aliyejifunzia Nungwi hudhani bahari ni moja tu.

“Nenda Desemba, ndiyo kiangazi chao, maji yanakuwa ya moto”

Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi wetu. Huku pwani hesabu ni nyepesi: kaskazi ikivuma jua linawaka, maji yanafika nyuzi 28 au 29, na uoni unakuwa mzuri. Kusi ndiyo huleta ubaridi, nayo tunajua huja katikati ya mwaka.

Kule mambo yamepinduka. Desemba na Januari jua linachoma kweli, na fukwe za Clifton na Camps Bay zinafurika watu. Lakini hesabu walio majini. Wanaingia mpaka magotini, wanapiga yowe, wanarudi kwenye mataulo yao. Kiangazi huvuma upepo mkali wa kusini mashariki, ambao wenyeji wameupa jina la Daktari wa Cape kwa imani kwamba unausafishia mji hewa. Ukivuma siku mbili tatu mfululizo, unayasukuma maji ya juu yaondoke ufukweni kuelekea bahari kuu, na pengo linazibwa na maji yanayopanda kutoka kilindini. Hayo hayajawahi kuliona jua. Upande wa Atlantiki joto hushuka mpaka nyuzi 10, na siku nyingine 8.

Ajabu ni kwamba hapo ndipo wazamiaji wa kule wanapochangamka. Maji yaliyopanda punde huwa safi, unaona mita 15 au 20 mbele yako bila taabu. Upepo ukitulia na jua likayapasha moto, vijimea visivyoonekana kwa jicho vinazaliana kwa fujo, na baada ya siku chache unaogelea ndani ya supu ya mchicha. Kwa hiyo joto likipanda, uoni hushuka, kinyume kabisa na tulivyozoea.

Kipupwe kikiingia, dhoruba za kaskazini magharibi huupiga upande wa Atlantiki, na watu huhamia upande wa pili wa rasi, kwenye ghuba ya False Bay. Maeneo ya Simon's Town, Miller's Point na Castle Rocks yana milima mgongoni inayokinga upepo huo, na maji huwa nyuzi 13 hadi 15. Mwenyeji anayepanga safari haulizi kama kesho kuna jua. Anauliza upepo ulivumaje tangu juzi.

Mimi niliuliza bamvua ni lini. Kiongozi wetu alicheka kidogo. Tofauti ya maji kupwa na kujaa kule haizidi sana mita mbili, wakati Unguja siku za bamvua hufika mita nne. Kinachoamua kama utazamia ni mawimbi marefu yanayotoka mbali sana kusini, ambayo yakifika kwenye miamba ya mita saba au nane yanakuvuta mbele na nyuma kama nguo inayosuuzwa.

“Bahari mbili zinakutana Cape Point”

Watalii hupigwa picha hapo, kwenye ncha ya rasi iliyo kusini ya Cape Town, wakiamini mguu mmoja uko Atlantiki na mwingine Hindi. Mpaka uliokubaliwa kimataifa uko Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, kama kilomita 150 kusini mashariki ya hapo. Na kwa maji yenyewe hakuna mstari: mkondo baridi wa Benguela na ule wa moto wa Agulhas hukutana mahali panaposogea kila wakati. Tofauti ya joto kati ya pande mbili za rasi ni ya kweli, ila asili yake ni pepo na kina, pamoja na umbo la ghuba.

Ghuba hiyo nayo jina lake limetokana na dhana potofu. Mabaharia waliotoka mashariki waliona rasi ya Hangklip wakadhani ndiyo Cape Point, wakakata kona mapema, wakajikuta katika ghuba siyo. Ndipo ikaitwa ya uongo.

“Maji baridi hayana kitu, rangi ziko Mnemba”

Niliamini hivi mpaka dakika ya tano ya kuzama kwangu kwa kwanza huko Oudekraal, upande wa Atlantiki.

Ule ubuluu wa Mnemba tunaojivunia maana yake ni kwamba maji yenyewe yana chakula kidogo. Matumbawe yetu huishi kwa ujanja wa kufuga vijimea ndani ya miili yao ili viwatengenezee lishe kwa mwanga wa jua. Kule Cape, maji yanayopanda kutoka kilindini huja na mbolea tele, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Matokeo yake ni vita ya nafasi. Hakuna matumbawe yanayojenga miamba kama ya kwetu. Mwamba ni graniti tupu, lakini hilo neno “tupu” nalitumia vibaya, kwa sababu nilitafuta sehemu iliyo wazi ya kuweka kiganja nikaikosa. Kuna sponji za rangi ya chungwa, matumbawe laini, mengine yaliyotanda kama upepeo, na konokono wasio na gamba waliovaa zambarau na njano kama kanga za harusi. Ukiwasha tochi ndipo wekundu unapojitokeza, kwa kuwa maji hula rangi nyekundu kwanza. Kuna jamii moja ya viumbe vya rangi ya zambarau, ngumu kama chokaa, hukua polepole mno na huvunjika kwa teke moja la pezi. Bila tochi, na bila utulivu wa miguu, utasema hukuona kitu.

“Ule msitu wa mwani utakunasa”

Kelpu ni mwani, ndugu wa mbali wa ule wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani, ila huu una shina refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili na kichwa chenye hewa kinachoelea juu. Haunyonyi chakula kutoka chini. Kile kinachofanana na mizizi ni kishikizo tu cha kung'ang'ania mwamba. Msitu wake unaambaa pwani kwa zaidi ya kilomita elfu moja, kutoka eneo hili mpaka Namibia.

Je, unanasa? Unashika, ndiyo: kamba ya tochi, bomba la regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), kifundo cha mtungi. Anayenaswa kweli ni yule anayejizungusha kwa hofu. Ukihisi umeshikwa, simama, rudi nyuma nusu mita, tazama. Shina likikataa, likunje kwa nguvu. Litakatika “tak” kama bamia mbichi. Ukijaribu kulivuta kama kamba utachoka wewe. Jambo ambalo sikuambiwa mapema ni hili: usimalize hewa ukiwa mbali na mashua. Chini ya msitu unapita kati ya mashina kama mtu apitaye katikati ya minazi, lakini juu majani yametanda mkeka mzima, na kuogelea juu yake ni adhabu.

“Papa weupe wamejaa” na mwenzake, “papa wameisha”

Dhana hizi mbili hukaa kwenye meza moja. Kwa miaka mingi False Bay ilivuma duniani kwa papa weupe walioruka nje ya maji wakiwinda sili karibu na Seal Island. Tangu mwaka 2018 hivi wamekuwa adimu mno hapo. Orka wawili, wale nyangumi wauaji, wanaofahamika kwa majina ya Port na Starboard, kwa kuwa mapezi yao ya mgongoni yamelala mmoja kushoto na mwingine kulia, wanatajwa sana katika habari hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2015 wazamiaji wa Miller's Point walianza kukuta papa wa matamvua saba wamekufa chini, maini yamenyofolewa kwa ustadi wa mchinjaji. Kama ni orka peke yao waliowafukuza papa weupe, au na upungufu wa chakula unaotokana na uvuvi, wataalamu bado wanabishana.

Papa wenyewe wapo. Uwezekano mkubwa utakutana na wale wadogo wa chini, urefu wa mkono, ambao ukiwasogelea hujikunja duara na kufunika macho kwa mkia. Wanaonipa wasiwasi zaidi ni sili, si kwa ukali, ila kwa utundu: walikuja kunitafuna mapezi nikiwa bado napanga vifaa.

“Meli zilizozama kwenye baridi hubaki nzima”

Meli ya Maori, iliyogonga miamba usiku mwaka 1909, ni vipande vya chuma na vyombo vya udongo vilivyotawanyika. Mawimbi hayajali joto la maji. Zile za Smitswinkel Bay, zikiwemo manowari mbili zilizozamishwa kwa makusudi mwaka 1978, zina umbo zaidi, lakini zimelala mita 30 na zaidi. Si mahali pa mtu mwenye cheti cha wiki iliyopita. Na usiokote kikombe: mabaki yaliyozidi miaka 60 yanalindwa na sheria.

“Suti nene inatosha”

Suti ya mpira haikuzuii kulowa. Inaruhusu maji kidogo yaingie, kisha inayazuia yasizunguke. Joto linalindwa na vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira, na ukishuka mita 20 vipovu hivyo vimebanwa, kwa hiyo suti yako ya milimita 7 imekonda pale unapoihitaji zaidi. Mpira mnene pia unaelea: Zanzibar navaa kilo 4 za vipande vya madini ya risasi kiunoni ili nizame, kule nilivishwa 12, nikatembea ufukweni kama punda wa Lamu. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, nawe ukihisi baridi unahema haraka, na mtungi unaisha mapema. Kutetemeka kukianza, panda.

Kuna jamaa aliyenishauri nipige Konyagi kidogo kabla, “ipashe damu”. Pombe hufungua mishipa ya ngozini, unahisi moto wakati joto linakutoka. Kukojoa ndani ya suti kunapasha sekunde chache, na sitasema nimejuaje. Wenyeji huja na chupa ya maji ya vuguvugu, na kabla ya kuingia baharini wanamiminiana shingoni, taratibu, mmoja akimshikia mwenzake kola ya suti.