Hela ya kikundi isilale kwenye laini yangu

Kwa taaluma mimi ni mhasibu, na huu ni mwaka wa sita nashika hazina ya kikundi cha wazazi wenye watoto wa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) hapa Mwanza. Tuko 34, wote wa kujitolea. Kila mwezi mzazi anatoa shilingi 10,000, na hiyo ndiyo inayomsaidia mwenzetu mtoto anapobanwa na maumivu usiku na nyumbani hakuna nauli wala hela ya vipimo.

Watu wakichagua mweka hazina huuliza nani mwaminifu. Ni swali la haki, ila halitoshi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, hawakusema huibiwa. Katika vikundi nilivyoitwa kupitia hesabu zao, mara nyingi sikukuta mwizi. Nilikuta mama mnyoofu kabisa ambaye michango iliingia kwenye laini ileile anayopokelea hela ya dagaa. Baada ya miezi minne hajui tena ipi ni ya kikundi, na akishindwa kujibu jina lake limeshachafuka.

Mimi yalinikuta Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Mwezi ule nilituma misaada mara saba. Kwenye mkutano fedha ikapungua shilingi 18,400, na baba mmoja akauliza kwa upole, "Mweka hazina, hizi zimekwenda wapi?" Nilikuwa nimeandika kiasi alichopokea mzazi, makato sikuyaandika. Ilibidi nisome meseji za mtandao mojamoja mbele ya watu mpaka hesabu ikakaa. Jasho lilinitoka. Tangu siku hiyo kila muamala una mistari miwili daftarini: msaada, na chini yake makato pamoja na ya kutolea.

Jambo gumu zaidi ni dharura. Kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu na linafunguliwa siku ya kikao, wote wakiona. Maumivu ya selimundu hayasubiri kikao. Kwa hiyo fedha yetu kubwa iko benki, watia saini ni watatu na lazima wasaini wawili, nami nimebaki na masurufu, yaani hela niliyokabidhiwa kwa matumizi ya haraka, ya shilingi 200,000 kwenye laini isiyofanya kazi nyingine yoyote. Mpaka 60,000 natuma nikishapata kauli ya katibu kwa simu. Ikizidi hapo, na mwenyekiti lazima akubali. Masurufu yakipungua, napeleka hati za malipo na narudishiwa kiasi kilekile kilichotumika. Ukinisimamisha njiani saa yoyote, salio la laini ukijumlisha na hati nilizo nazo lazima vifike 200,000. Mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kunikagua kwa dakika tano, na ndivyo ninavyotaka.

Kisha kuna siri. Wako wazazi ambao hata mama mkwe hajui mtoto anaumwa nini, na nisingependa ajulie kwenye taarifa yangu. Kwa hiyo ninaposoma mapato na matumizi nataja namba ya mwanachama tu. Orodha ya majina anakaa nayo katibu, na kila miezi mitatu wanachama wawili wasio viongozi wanailinganisha na hati za malipo. Wengine waliona huko ni kuficha. Nilisimama kidete, kwa sababu anayeogopa kusomwa jina hataomba, na mtoto wake atachelewa hospitali.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, alipiga namba 14. Mtoto analia miguu, bodaboda iko mlangoni, mfukoni ana shilingi 3,000. Nikampigia katibu, akasema tuma. Nikatuma 60,000 na ya kutolea. Saa tisa na nusu ikaingia meseji: "Tumefika, wamemwekea dripu." Nikaandika mistari yangu miwili, nikazima taa.