Je, wajua kwa nini hedhi huchelewa? Mara nyingi yai ndilo lililochelewa

Hedhi huja takriban siku 14 baada ya yai kutoka kwenye ovari. Kipindi hicho cha mwisho cha mzunguko hakibadiliki sana. Kinachorefuka na kufupika ni kipindi cha kwanza, ambapo ovari inalikuza yai hadi likomae. Kwa hiyo mwanamke ambaye hana mimba na siku zake zimechelewa wiki mbili, kwa kawaida yai lake lilichelewa kutoka, au halikutoka kabisa. Ndiyo maana daktari hatafuti damu ilikokwenda, bali kilicholizuia yai.

Kabla ya kusema hedhi imevurugika, hesabu vizuri. Siku ya 1 ni siku damu inapoanza kutoka kwa kawaida yake, si siku ya matone ya utangulizi, na mzunguko huisha siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa msichana aliye katika miaka ya mwanzo tangu avunje ungo, hata 45 hukubalika. Zile 28 zinazotajwa kila mahali ni wastani tu. Mwenye 33 kila mara hana tatizo. Na aliyeona damu tarehe 2 na tena tarehe 29 ya mwezi huohuo hajapata hedhi mara mbili kwa ugonjwa: mzunguko wake ni wa siku 27.

Sababu ya kwanza kuondolewa shaka ni mimba, hata kwa anayenyonyesha, anayetumia uzazi wa mpango au aliyefika miaka 45. Kipimo cha mkojo huaminika zaidi kuanzia siku ambayo hedhi ilitakiwa kuja. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, chovya kijiti bila kupitisha alama, kisha soma majibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 3 hadi 5. Mstari hafifu uliojitokeza ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa mimba. Uliojitokeza baada ya kipimo kukauka usiutegemee. Kama hakuna mimba na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku 7, kwa kuwa homoni inayopimwa huongezeka kwa kasi katika wiki za mwanzo. Kuchelewa kukiambatana na maumivu makali ya tumbo la chini, maumivu ya bega au kuzimia, usisubiri kurudia kipimo. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka damu humwagika ndani ya tumbo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Njia za uzazi wa mpango husababisha wasiwasi mwingi usio wa lazima. Sindano ya miezi mitatu huzuia yai kutoka na kuufanya utando wa ndani wa kizazi uwe mwembamba. Wanawake wengi hukosa hedhi kabisa ndani ya mwaka wa kwanza, na baada ya kuacha inaweza kuchukua miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, kurejea. Hakuna “damu chafu” inayojilimbikiza: utando haukukua, basi hakuna cha kutoka. Kijiti cha mkononi huleta matone yasiyo na mpangilio. Vidonge vya dharura, P2, huweza kuisogeza hedhi mbele au nyuma kwa hadi wiki moja. Ikipita wiki, pima mimba. Anayenyonyesha naye akumbuke kwamba yai la kwanza huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo anaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja.

Mimba na dawa zikishaondolewa, tunarudi kwenye yai. Amri ya kulikomaza hutoka ubongoni, na ubongo huisitisha amri hiyo mwili ukikosa nguvu za kutosha: kukonda haraka, kujinyima chakula, mazoezi mazito yasiyolingana na mlo, ugonjwa mkali au msongo mzito. Mkimbiaji asiyeona hedhi hajapata nafuu ya kuokoa pedi. Homoni ya estrojeni imeshuka, na mifupa yake inapoteza uimara.

Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiwango, mzunguko huyumba. Homoni ya maziwa, prolaktini, ikipanda kwa asiyenyonyesha, yai husimama na chuchu huweza kutoa maziwa. Dawa kadhaa za magonjwa ya akili, na hata metoklopramidi ya kuzuia kutapika, huipandisha. Usiache dawa mwenyewe, mwambie daktari aliyekuandikia.

Sababu iliyo ya kawaida sana kwa wanawake wa umri wa kuzaa ni PCOS, ugonjwa wa homoni unaoathiri ovari. Hapa ovari huanza kukuza mayai mengi madogo, lakini ni nadra moja likomae na kutoka. Dalili nyingine ni ndevu, chunusi sugu na mara nyingi uzito kuongezeka, ingawa wembamba nao huupata. Tofauti na sindano, hapa utando wa kizazi unaendelea kukua bila kumwagwa. Ukiachwa hivyo kwa miaka, hatari ya saratani ya utando huo hupanda, na hapo ndipo kukosa hedhi kwa muda mrefu kunapokuwa jambo la kutibiwa hata kwa asiyetafuta mtoto. Kwa aliyenenepa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha yai.

Wakati mwingine kasoro iko kwenye kizazi chenyewe. Kusafishwa baada ya mimba kuharibika kunaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta zake. Kifua kikuu cha kizazi hufanya vivyo hivyo. Aliyemwaga damu nyingi mno akijifungua, kisha maziwa yasitoke na hedhi isirudi, achunguzwe tezi iliyo chini ya ubongo. Msichana wa miaka 15 anayeumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu huenda njia yake imeziba.

Nenda kituo cha afya hedhi ikikosekana siku 90, mizunguko ikiwa chini ya siku 21 au zaidi ya 35 mara kwa mara, damu ikizidi siku 7, msichana akifika miaka 15 bila kuvunja ungo au 13 bila dalili yoyote ya matiti, au hedhi ikikoma kabla ya miaka 40. Kichwa kinachouma pamoja na kuona vibaya, wahi zaidi. Beba tarehe za hedhi zako za karibuni na majina ya dawa zote, za miti shamba zikiwemo.

Tarajia kipimo cha mimba, vipimo vya damu vya TSH (homoni inayoongoza tezi ya shingo), prolaktini na FSH (homoni inayoiamuru ovari kukuza yai), na utrasaundi. Muuzaji akikwambia una “mvurugiko wa homoni” na kukupa chupa, muulize ni homoni ipi na ilipimwa lini. Daktari anaweza kukupa homoni ya projesteroni kwa siku 10 hivi. Damu ikitoka siku chache baada ya kumaliza, utando upo na njia iko wazi, kilichokosekana ni yai. Isipotoka, uchunguzi unahamia kwenye estrojeni na kizazi.