Mvua ya Kisarawe, mafuriko ya Jangwani

Wakazi wengi wa mabondeni hupima hatari kwa kutazama mawingu yaliyo juu ya paa lao. Kwa Dar es Salaam kipimo hicho hakitoshi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua ikipiga huko juu usiku, wa Jangwani anaweza kuamka na maji mlangoni ilhali kwake halijadondoka hata tone. Yakikuta bahari imejaa, hasa siku za bamvua, yanakosa pa kutokea na kutuama mitaani.

Kwa hiyo taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoka, angalia na mkoa wa Pwani, iliko Kisarawe, umetajwaje. Rangi ya njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi husubiri nyekundu. Mimi nasema wa bondeni aondoke kwenye chungwa, tena mchana. Mvua kubwa katika taarifa hizo ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Zinasikika ndogo, lakini kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 hizo ni lita 20,000: madumu elfu moja ya lita ishirini, kiwanja kimoja tu. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko jijini humu, na wengine waliopolewa wakiwa juu ya mapaa.

Ukiondoka, zima swichi kuu ikiwa unaifikia ukiwa pakavu. Vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto na dawa za mgonjwa vifunge kwenye mfuko wa nailoni ubebe. Friji na makochi yaache.

Barabarani, maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo. Vijana wanaovusha watu mgongoni kwa malipo wanaijua barabara ya jana, hawajui mfuniko wa mtaro uliosombwa usiku. Mtu akichukuliwa na maji usimfuate. Mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, na piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Radi nayo isidharauliwe. Bodaboda wengi hujikinga chini ya mwembe, na hapo ni pabaya mno. Ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa vioo, na ukae mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Waogeleaji wa Coco Beach watoke majini ngurumo ya kwanza inaposikika.

Maji yakishapungua, watoto wasichezee madimbwi. Wapo wenye nyumba wanaongoja mvua ili watapishe vyoo, jambo linaloniuma sana, kwa sababu kinyesi hicho huishia kwenye visima vya jirani. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Anayeharisha maji matupu apewe maji ya chumvichumvi ya ORS papo hapo, huku mkimkimbiza kituo cha afya.