Kwa nini Henry V husifu vita leo, kesho ikavishutumu?

Je, wajua kwamba tamthilia moja ya Shakespeare, ya mwaka 1599, iliwahi kutumika kuwatia Waingereza moyo wa vita, kisha ikatumika kuwahoji waliingia vitani kwa haki ipi? Ni Henry V, kisa cha mfalme kijana aliyeivamia Ufaransa akashinda pambano la Agincourt mwaka 1415, jeshi lake likiwa dogo na hoi kwa maradhi.

Tazama mistari inayokatwa. Tamthilia yenyewe ni ndefu, kwa hiyo waongozaji wengi huipunguza, na hapo ndipo siasa za wakati wao hujitokeza.

Filamu ya Laurence Olivier, aliyeiongoza na kumwigiza mfalme, ilitoka 1944, Uingereza ikipigana na Ujerumani ya Hitler, na ilitabarukiwa makomando na askari wa miamvuli. Mfalme wake hana doa. Wasaliti watatu wanaonaswa Southampton, bandari ya Uingereza, hawamo. Vitisho vya Harfleur, mji wa Ufaransa, Henry anapowaambia wenyeji kwamba wasiposalimu amri binti zao watanajisiwa na vichanga vyao vitatungwa mikukini, havimo. Amri ya kuua mateka wa Kifaransa haimo. Hata maneno ya mwisho ya msimulizi, kwamba Ufaransa ilikuja kuponyoka mikononi mwa mwana wa Henry, yalifyekwa. Simlaumu sana, nani angetaka kuyasikia mwaka ule?

Mei 2003, wiki chache tu baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kuingia Iraq, mwongozaji Nicholas Hytner aliipandisha tamthilia jukwaani National Theatre, London. Adrian Lester, mwigizaji mweusi, alikuwa mfalme mwenye magwanda ya kisasa, na magari ya jeshi yaliingia hadi jukwaani. Mwanzoni askofu mkuu hueleza kwa nini Henry ana haki ya kiti cha Ufaransa: hotuba kavu ya nasaba na sheria, ambayo kwa kawaida watu huisinzia. Safari hii mawaziri waligawiwa makabrasha. Serikali ya Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ilikuwa imetoa jalada lake kuhusu silaha za Iraq mwaka uliotangulia, basi hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Lakini shaka hiyo kuhusu haki ya vita Hytner hakuileta kutoka nje ya tamthilia. Usiku wa kuamkia vita, askari wa kawaida anamwambia mfalme aliyejificha sura kwamba vita visipokuwa vya haki, mfalme atajibu kwa kila mguu, mkono na kichwa kilichokatwa. Maneno hayo hata Olivier hakuyakata.