Rekodi ya kesi ya jinai ni nini, na utaipata wapi ukiwa Lamu

Mtu akiambiwa alete rekodi ya korti, mara nyingi huenda pasipokuwa nayo. Huyu atakwenda kituo cha polisi, yule ofisi za kaunti, mwingine atamwendea chifu. Wote watamsikiliza, na wote watamwambia aende kwingine. Kwa anayeishi Kiunga au Faza, kila safari kama hiyo ni nauli ya boti na siku nzima ya kazi iliyopotea, ndiyo maana naona neno hili lastahili kuelezwa polepole.

Rekodi ya kesi ya jinai ni maandishi ya mahakama juu ya mashtaka fulani, tangu mshtakiwa aliposomewa hadi kesi ilipokwisha. Ndani ya faili mna hati ya mashtaka, maagizo ya dhamana, vielelezo, na mwenendo wa kesi, yaani yale aliyoandika hakimu kila kesi ilipotajwa au kusikizwa: nani alikuja, nani hakuja, shahidi alisema nini. Mwisho wake mna hukumu na adhabu, au agizo lililoifunga kesi bila hukumu. Juu ya jalada huandikwa nambari, kwa mfano Kesi ya Jinai Nambari 214 ya 2016, kisha Jamhuri dhidi ya fulani. Ni Jamhuri kwa sababu anayeshtaki ni serikali. Jirani aliyepigwa au kuibiwa ni mlalamishi na shahidi, kwa hivyo ukilitafuta faili kwa jina lake hutalipata.

Nambari hiyo si nambari ya OB. OB ni kitabu cha matukio cha polisi, na kila anayepiga ripoti huandikwa humo, hata kama jambo lenyewe halikufika kortini kamwe. Ukiwa na nambari ya OB pekee, anzia kituoni uulize kama mtu alishtakiwa, korti gani, na kwa nambari ipi.

Neno kaunti nalo huwachanganya wengi. Kaunti 47 zilikuja na Katiba ya 2010, lakini mahakama hazikugatuliwa. Gavana hana korti, na bunge la kaunti halihifadhi faili za kesi. Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019 na hivyo kuwa kaunti yenye watu wachache kuliko zote, ina korti ya hakimu pale Lamu mjini, na korti hiyo ni ya Idara ya Mahakama ya Kenya sawasawa na ile ya Milimani, Nairobi. Faili hukaa pale kesi iliposikizwa, bila kujali mshtakiwa kwao ni wapi. Mtu wa Pate aliyeshtakiwa Malindi, faili lake liko Malindi.

Lipo na suala la ngazi. Hakimu hasikizi kesi ya mauaji. Hiyo ni kazi ya Mahakama Kuu. Mahakama Kuu inayohudumia Lamu iko Garsen, katika kaunti jirani ya Tana River, na ndiko zinakosikizwa pia rufaa za kutoka kwa hakimu wa Lamu. Kesi kubwa na rufaa za zamani, kabla ya Garsen, zitafute Malindi au Mombasa. Na kwa kuwa Lamu ni mji wa Waislamu wengi, niseme wazi: kwa kadhi hakuna kesi za jinai. Kadhi ana ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote zilipo Waislamu na kukubali kwenda kwake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloumiza watu kuliko yote, nalo ni neno "ameachiliwa". Mtaani neno hili hubeba mambo matatu manne. Aliyetoka kwa dhamana ameachiliwa. Aliyeshinda kesi ameachiliwa. Aliyeondolewa mashtaka ameachiliwa. Kwenye faili hayo ni mambo mbalimbali, na tofauti yake humfuata mtu miaka mingi.

Tuseme kijana wa Witu alishtakiwa kwa kumpiga jirani. Wazee wakakaa, akalipa gharama za hospitali, wakapeana mkono, na wote wawili wakaenda kortini kusema yamekwisha. Nyumbani wakapika pilau. Lakini je, hakimu aliandika nini siku ile? Ikiwa mlalamishi mwenyewe aliomba kuondoa malalamiko na hakimu akaridhika na sababu zake chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kijana ameondolewa hatia, na hashtakiwi tena kwa jambo lile. Ikiwa kiongozi wa mashtaka ndiye aliyeiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a), kabla kijana hajatakiwa kujitetea, basi ametolewa tu. Sheria inasema kutolewa huko hakuzuii kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Walioko kortini kila siku husema "ametoka na themanini na saba A", na wakilisema hilo hawashangilii.

Vipo vifungu vingine viwili vya kuvijua. Cha 210 ni pale hakimu anapoona upande wa mashtaka haukuthibitisha lolote la kumfanya mshtakiwa ajitetee. Cha 215 ni pale kesi ilipokwenda hadi mwisho na hakimu akaamua, akatia hatiani au akaachilia huru. Kwa hivyo anapokuja mtu kuniuliza kuhusu kesi ya nduguye iliyokwisha, swali langu la kwanza ni kifungu, na jibu huwa kimya. Kifungu kimeandikwa mstari wa mwisho wa mwenendo, mara nyingi kwa mkono wa hakimu. Mstari huo ndio unaoutafuta.

Kijana wetu wa Witu hataujali mpaka apate kazi Qatar au Saudia na wakala amwambie alete cheti cha tabia njema. Cheti hicho hutolewa na idara ya upelelezi, DCI, kwa kulinganisha alama za vidole. Ikiwa vidole vyake vilichukuliwa alipokamatwa na matokeo ya kesi hayajafika kule Nairobi, ni yeye atakayelazimika kuonyesha kesi iliishaje. Hapo neno la mzee wa mtaa halisaidii. Kinachosaidia ni nakala iliyothibitishwa: nakala ya agizo au hukumu, yenye muhuri wa mahakama na sahihi ya afisa wake.

Kuipata huanza masijala, dirisha la makarani wa korti. Nenda na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka, kosa, na nambari ya kesi ukiwa nayo. Huna nambari? Angalia stakabadhi ya dhamana, risiti ya faini, au samansi ya shahidi. Zote huandikwa nambari hiyo. Ukikosa kabisa, omba karani atazame rejista ya kesi za jinai ya mwaka ule. Hapo majina ya pwani huleta taabu: Abubakar, Abubakari na Bakari anaweza kuwa mtu mmoja, na wapo walioandikishwa kwa lakabu waliyoitwa na polisi. Mpe karani majina yote. Kumbuka pia kwamba kesi za ubakaji na unajisi, na zile za trafiki, mara nyingi huwa na mfululizo wake wa nambari, kwa hivyo taja kosa mapema.

Andika barua fupi ya kuomba nakala, utaje unachotaka: agizo la mwisho pekee, hukumu, au mwenendo mzima. Mwenendo mzima huchelewa kwa sababu ulioandikwa kwa mkono lazima uchapwe kwanza. Malipo usimpe mtu mkononi. Yana njia yake rasmi, na risiti ni haki yako.

Mtandaoni usitarajie makubwa kwa kesi za zamani. Tovuti ya Kenya Law huchapisha hasa hukumu za Mahakama Kuu kwenda juu, kwa hivyo rufaa iliyoamuliwa Garsen huenda ukaisoma kwenye simu bure, lakini kesi iliyokwishia kwa hakimu wa Lamu mwaka 2009 imo kwenye karatasi, kabatini. Kesi zinazohusu watoto huwa na mipaka: huendeshwa faragha, na hukumu zikichapishwa majina hubakia herufi za kwanza tu. Usimlaumu karani akikataa kukufungulia faili la aina hiyo nawe si mhusika.

Mshtakiwa mwenyewe ana nguvu zaidi ya mtu wa kando. Kifungu cha 50(5) cha Katiba kinampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada ya kiasi. Na aliyefungwa asikae akingoja: rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Nakala zikichelewa, kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinairuhusu mahakama kupokea rufaa iliyopita muda, hasa pale mtu aliposhindwa kupata hukumu na rekodi baada ya kuziomba. Kwa hiyo barua ya maombi ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na nakala yake ibaki kwako.

Ukipewa karatasi zako, zisome palepale dirishani kabla hujashuka gatini. Linganisha jina na kitambulisho, herufi kwa herufi. Angalia nambari na mwaka. Tafuta kifungu kwenye mstari wa mwisho. Kisha hakikisha muhuri umekolea na unasomeka, kwa sababu muhuri uliofifia ukikataliwa Nairobi, utarudi kuanza upya Lamu.